Riba ya Benki Kuu na Kujenga Nyumba

Mwenye kutaka kufahamu jinsi uamuzi upitishwao katika Benki Kuu ya Kenya unavyoweza kumzuilia mtu nyumba aliyokwisha kuitia moyoni, hana budi kwanza kujua kwamba Benki hiyo haimkopeshi raia, wala kwa kawaida haimpangii riba atakayotozwa. Inachokipanga, tangu mwaka 2006, ni kiwango cha msingi, ambacho siku hizi hutangazwa na Kamati ya Sera ya Fedha, na ambacho ndicho dalili ya bei ya fedha kwa mabenki ya biashara. Kiwango hicho kikipanda, mabenki nayo huzipata fedha kwa ghali zaidi, na madhali hayakuanzishwa kwa ajili ya sadaka, uzito huo humwangukia mkopaji.

Mwanzoni mwa mwaka 2011 kiwango kilikuwa chini ya asilimia 6. Ukame ulipozidi, mafuta yakapanda bei, shilingi ikaporomoka hata dola moja ikapita shilingi 100, na mfumuko wa bei ukaikaribia asilimia 20, Kamati, baada ya kusitasita kwa muda ambao wengi waliuona mrefu, ilikipandisha kwa hatua kubwa kubwa hata Desemba kikawa asilimia 18. Na riba za mabenki, ambazo daima huwa juu ya hicho, zikavuka 20.

Na tumtazame aliyekopa shilingi milioni 5 kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 12 inayobadilika. Kila mwezi alipa takriban shilingi 55,000, na katika malipo ya mwezi wa kwanza 50,000 nzima ni riba tupu, deni lenyewe likipungua kwa shilingi 5,000 na kitu. Riba ikifika asilimia 18 angali mwanzoni mwa deni, riba peke yake ni kama shilingi 75,000 kwa mwezi. Kwa hiyo mtu huyu akishikilia malipo yake ya zamani, hata akiongezewa miaka, deni halitapungua bali litakua, ilhali kila mwezi amelipa bila ya kukosa. Jambo hili aghalabu halielezwi vya kutosha siku ya kutia sahihi.

Ama kushuka, huko ni kwa mwendo wa kobe. Bunge lilijaribu kulazimisha insafu kwa sheria ya mwaka 2016, iliyozuia riba isipite pointi 4 juu ya kiwango cha msingi. Mabenki yakawapa mgongo wakopaji wadogo, yakaona heri kuikopesha Serikali, na mwaka 2019 zuio hilo likaondolewa. Kiwango kilipoanza tena kuteremka kutoka asilimia 13, mnamo Agosti 2024, hata kufikia 10 Aprili iliyofuata, Gavana Kamau Thugge alilazimika kuyahimiza mabenki hadharani yawateremshie na wateja.

Walakini itakuwa ghalati kudhani kwamba taathira hii huonekana zaidi katika mikopo ya nyumba, kwani mikopo hiyo, katika nchi iliyohesabiwa watu zaidi ya milioni 47 mwaka 2019, ni makumi machache tu ya maelfu. Wengi hujenga kidogo kidogo, kwa mshahara, kwa chama, au kwa mkopo wa sako, ambayo fedha zake ni akiba za wanachama na riba yake haitikisiki kwa kila tangazo la Kamati. Riba ya Benki Kuu huwafikia hawa kwa njia za kando: mwenye duka la vifaa akopaye ili ajaze ghala huiongeza katika bei ya saruji na mabati, mkandarasi husimamisha kazi, na mwenye fedha, aonapo dhamana za Serikali zinampa faida nono bila ya usumbufu wa fundi wala mpangaji, huahirisha kujenga. Nyumba za kupanga zisipoongezeka, na watu wakizidi kuhamia mjini, kodi hupanda hata kwa yule ambaye hajakopa senti.