Chuo Kikuu cha Kaskazini: Elimu ya Juu Yawafuata Watu wa Pwani

Msumbiji ilipojipatia uhuru wake tarehe 25 Juni 1975, ilirithi chuo kikuu kimoja tu, nacho kilikuwa Lourenço Marques, mji ambao leo huitwa Maputo, kusini kabisa mwa nchi. Mwaka uliofuata chuo hicho kilipewa jina la Eduardo Mondlane. Kijana wa Palma au Mocímboa da Praia aliyetamani elimu ya juu alipaswa kusafiri zaidi ya kilomita 2,000, na akihitimu, kazi za mji mkuu zilikuwa zikimvuta asirudi. Yafaa ikumbukwe kwamba ni katika mkoa huo wa Cabo Delgado, huko Chai, ndipo vita vya ukombozi vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964. Waliotangulia kujitoa mhanga walikuwa miongoni mwa waliongoja sana kuliona tunda la elimu.

Mwaka 2006 Serikali iliunda Chuo Kikuu cha Lúrio, nacho kikaanza kufundisha mwaka 2007. Kimepewa jina la mto unaotenganisha Nampula na Cabo Delgado. Makao yake ni Nampula, penye masomo ya afya. Pemba, kando ya bahari, kumewekwa uhandisi na sayansi za viumbe. Na Niassa, yenye mashamba mapana, kilimo.

Mpango wake unaostahili kuigwa zaidi huitwa “Mwanafunzi Mmoja, Familia Moja.” Huko Nampula mwanafunzi wa afya hukabidhiwa familia, akawa anaitembelea mara kwa mara katika muda wa masomo yake. Hapo hujionea maji yanatoka wapi, choo kikoje, watoto wanakula nini. Daktari wa kesho hufundishwa na mama mwenye nyumba, ambaye huenda hakuwahi kuketi darasani. Huo ndio utafiti wenye faida, kwa maana swali lake hutoka jikoni na jibu lake hurudi jikoni.

Pwani ya Cabo Delgado ina maswali mengi ya namna hiyo. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga Ibo, Quissanga na Macomia, kikabomoa nyumba za miti na udongo na kung'oa mapaa. Je, paa la makuti au la bati lifungwe vipi ili listahimili upepo, kwa gharama ambayo mvuvi anaiweza? Hilo ni swali la mhandisi anayesomea Pemba. Na akina mama wa visiwa vya Quirimbas, wanaokusanya kombe na pweza maji yakipwa, wanahitaji mtaalamu wa viumbe vya bahari aliye jirani, anayeweza kuzungumza nao. Mtafiti anayeuliza kwa Kireno kupitia mkalimani hupata majibu mafupi. Anayeuliza kwa Kimwani huambiwa habari nzima.

Kazi hiyo imetatizwa mno na vita. Mashambulio yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Machi 2021 Palma ikavamiwa. Kufikia mwaka 2022 waliokimbia makazi yao walikuwa wapatao milioni moja, na wengi walikimbilia Pemba, penye kampasi hiyo. Mwezi Julai 2021 waliwasili askari wa Rwanda na wa nchi za SADC, wakiwemo Watanzania. Kikosi cha SADC kiliondoka mwaka 2024. Askari aliyelinda barabara ya Macomia anafahamu kwamba kijana asiye na shule wala kazi ni windo jepesi la wachochezi. Ulinzi na mafunzo, basi, havina budi kwenda pamoja.

Ng'ambo ya Ruvuma, karibu na Mtwara, kiko kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, chenye sifa kubwa katika zao la korosho na katika kupambana na ubwiriunga. Mkorosho hustawi pande zote mbili za mto, na ugonjwa hauulizi pasi. Lakini mwanafunzi wa Msumbiji amesomeshwa kwa Kireno, na taarifa za kitaalamu za Tanzania huandikwa kwa Kiingereza. Wakulima wenyewe wa kandokando ya mto, Wamakonde kwa Wamakonde, huelewana bila taabu yoyote.