Jazi Inapoingia Sebuleni

Huku Shinyanga na Geita ukitaja jazi, wazee hukumbuka Tabora Jazz na Morogoro Jazz: magitaa, tarumbeta na dansi. Leo nazungumzia jazi iliyochanganywa na muziki wa sebuleni wa Ulaya, ule wa wapigaji wachache, kila mmoja na sauti yake, bila mtu wa kuwaongoza kwa kijiti.

Mwaka 1957 Mmarekani Gunther Schuller aliuita mchanganyiko huo mkondo wa tatu. Ugumu wake ni huu: muziki wa Ulaya huandikwa kwa nota, jazi humwachia mpigaji abuni papo hapo. Mtunzi akiandika kila kitu, jazi inakufa. Asipoandika kitu, wapigaji wanagongana. Dawa ni kuandika mhimili na kuacha nafasi.

Jirani yetu wa Uganda, Justinian Tamusuza, hakuhitaji jazi. Aliandika muziki wenye asili ya Kiganda kwa ala nne za nyuzi, na mwaka 1992 ukatoka katika sahani ya Kronos Quartet ya Marekani.

Mpiga zeze wa Usukumani naye hubuni papo hapo. Akifa bila kurekodiwa wala kuandikwa, amezikwa nao. Vijana mnaojua nota, mwendeeni angali hai.