Kuchagua Mahali pa Kutua Mwezini



Mtu hachimbi kisima mahali popote tu. Kwanza hutazama mteremko wa ardhi. Huangalia miti na majani. Huwauliza wazee maji yalipatikana wapi zamani. Hufanya hivyo kwa sababu kuchimba ni kazi kubwa. Akikosea mahali, jasho lake limepotea bure.

Watu wanaotaka kwenda mwezini nao wana swali kama hilo. Tutue wapi? Mwezi uko mbali, kiasi cha kilometa 384,000 kutoka hapa duniani. Safari moja hugharimu fedha nyingi mno. Kwa hiyo mahali pa kutua huchaguliwa kwa uangalifu.

Usalama kwanza

Tarehe 20 Julai, 1969, Wamarekani wawili, Neil Armstrong na Edwin Aldrin, walitua mwezini. Safari yao iliitwa Apollo 11. Kabla yao hakuna mtu aliyewahi kufika huko. Basi jambo la kwanza lilikuwa watu wafike na kurudi salama. Wakachaguliwa uwanda tambarare.

Hata hivyo, walipokaribia kutua, Armstrong aliona shimo kubwa mbele yake. Pembeni mwa shimo hilo palijaa mawe makubwa. Akakiongoza chombo mwenyewe, akapita juu ya mawe hayo, akatua mbele yake. Mafuta ya kutulia yalikuwa karibu kwisha.

Salama peke yake haitoshi

Usiku wa mbalamwezi, toka nje uutazame mwezi. Utaona madoa meusi na sehemu nyeupe. Madoa meusi ni nyanda. Zamani sana mawe yaliyoyeyuka kwa moto yalitoka chini, yakatapakaa kama uji, kisha yakapoa. Sehemu nyeupe ni nchi ya milima. Hizo ni za kale zaidi.

Je, ukiokota mawe ya uwandani tu, utajuaje habari za milimani? Hutajua. Hilo ndilo lililowasumbua wataalamu. Tena mwaka 1970 Marekani ilifuta safari tatu za Apollo. Safari zilizobaki zilikuwa chache, kwa hiyo kila moja ilipaswa kuleta elimu nyingi.

Kwa safari ya Apollo 15, palifikiriwa mahali pawili. Pa kwanza ni vilima vya Marius. Pa pili ni Hadley. Hadley ni mahali ambapo uwanda unakutana na milima mirefu. Tena pana korongo lenye kina cha mita 300 hivi. Mtu akitua hapo, anaweza kuokota mawe ya uwandani, ya milimani na ya kando ya korongo. Lakini kutua hapo kulikuwa na hatari zaidi. Chombo kilibidi kipite juu ya milima, kisha kishuke kwa mteremko mkali.

Hadley ikachaguliwa. Tarehe 30 Julai, 1971, David Scott na James Irwin walitua salama. Walikuwa na gari dogo, la kwanza kuendeshwa na watu mwezini. Walipanda nalo ubavuni mwa mlima. Huko waliokota jiwe jeupe. Jiwe hilo lilipopimwa, lilionekana kuwa na umri wa miaka 4,000,000,000 au zaidi. Kama wangetua katikati ya uwanda, huenda wasingelipata.

Wataalamu nao hukosea

Safari iliyofuata, Apollo 16, ilipelekwa nchi ya milima iitwayo Descartes. Wataalamu walikuwa wametazama picha zake. Walidhani milima ile ilitokana na volkano. Mwezi wa Aprili, 1972, John Young na Charles Duke walitua huko. Walitafuta mawe ya volkano, lakini hawakuyaona. Waliona mawe yaliyovunjikavunjika na kushikamana tena. Yalivunjwa na vimondo vilivyoupiga mwezi. Vimondo ni mawe au vyuma vinavyoanguka kutoka angani, kama kile kilichoko Mbozi, Tanzania.

Je, safari hiyo ilipotea bure? Hapana. Wahenga walisema, kupotea njia ndiko kujua njia. Wataalamu walijua sasa kwamba picha peke yake haitoshi. Walijua pia kwamba vimondo vimeubadili mwezi kuliko walivyodhani.

Siku hizi

Upande mmoja wa mwezi hatuuoni kamwe kutoka duniani. Redio ya hapa kwetu haiwezi kupenya mwezi kufika huko. Ndiyo sababu safari zote za Apollo zilitua upande tunaouona. Wachina walirusha chombo kingine angani cha kupokea na kupitisha habari. Mwezi wa Juni, 2024, chombo chao kisicho na watu, Chang'e 6, kilileta mawe na udongo kutoka upande ule, karibu kilo 2. Ilikuwa mara ya kwanza.

Sasa nchi kadhaa zinatazama ncha ya kusini ya mwezi. Tarehe 23 Agosti, 2023, chombo cha India kilitua sehemu za karibu na huko. Karibu na ncha hiyo kuna mashimo ambayo jua haliingii kabisa. Ndani yake kuna barafu. Barafu ni maji. Watu wakipata maji huko, hawatalazimika kuyabeba yote kutoka duniani. Lakini penye giza na mashimo, kutua ni kugumu.

Basi unaona, ndugu, swali ni lile lile la mchimba kisima. Mahali rahisi pa kuchimba si lazima pawe na maji.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini Apollo 11 ilipelekwa uwandani?
2. Hadley palikuwa na faida gani? Palikuwa na hatari gani?
3. Wataalamu walijifunza nini kutokana na kosa lao la Descartes?
4. Kijijini kwenu, mahali pa kisima palichaguliwaje?