Mwandishi wa Sinema: Ni Mtumishi wa Nani?

WATU wengi wasikiapo kwamba fulani ni mwandishi wa habari za sinema na televisheni, humwonea kijicho. Hudhani kuwa kazi yake ni kuingia bure katika majumba ya sinema, kupiga picha na waigizaji mashuhuri, na kupokea mshahara kwa jambo ambalo wenzake hulilipia kiingilio. Yamkini nawe, ndugu msomaji, unaye kijana nyumbani aliyekwisha kukwambia kwamba hiyo ndiyo kazi aitakayo. Kabla hujamkubalia au kumkemea, inafaa uijue kazi yenyewe. Na hata kama huna kijana wa namna hiyo, wewe ndiwe usomaye maandishi ya watu hao na kuamua fedha ya familia iende kwenye sinema ipi. Kwa hiyo jambo hili linakuhusu.

KAZI ILIVYO

Mwandishi wa sinema aghalabu huitazama filamu siku kadhaa kabla haijaonyeshwa kwa umma, akiwa na waandishi wenzake, akiandika gizani katika daftari asiloliona vema. Mara nyingi hutakiwa aahidi kwamba hatachapisha neno hata moja kabla ya siku na saa iliyowekwa na kampuni. Akitoka ukumbini hapana budi aandike upesi, na aandike kwa ujuzi: nani ametunga hadithi, nani ameongoza, nani amepiga picha, nani ametoa fedha, na kwa nini hadithi hiyo imesimuliwa hivyo na si vinginevyo. Kusema tu kwamba filamu ni nzuri au ni mbaya si uhakiki. Hata jirani yako anaweza kukwambia hayo kibarazani bila kulipwa.

Mahojiano nayo si mazungumzo ya starehe kama yanavyoonekana. Huko Marekani, kampuni kubwa hukodi vyumba vya hoteli kwa siku moja au mbili. Mwigizaji huketishwa mbele ya kamera, na waandishi wa televisheni huingia mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akipewa dakika nne au tano. Mtumishi wa kampuni husimama pembeni akiangalia saa. Yapo mambo yasiyotakiwa kuulizwa, na anayeyauliza anajua kwamba huenda asialikwe tena.

Hapo ndipo mtihani wa kazi hii ulipo. Kampuni ndiyo yenye sinema, ndiyo yenye mwigizaji, na ndiyo itoayo mwaliko. Msomaji hana cha kumpa mwandishi ila imani yake. Je, mwandishi amtumikie yupi?

WALIOSHINDWA MTIHANI

Historia ya Hollywood ina mifano mingi ya kusikitisha. Katika miaka ya 1930 na 1940 walitamba wanawake wawili, Louella Parsons na Hedda Hopper, ambao makala zao ziliweza kumpandisha mwigizaji au kumwangusha. Hopper mwenyewe aliita nyumba yake nyumba iliyojengwa kwa woga, maana watu walimpa habari na zawadi kwa kumwogopa. Parsons aliandika katika magazeti ya tajiri William Randolph Hearst. Mwaka 1941 Orson Welles alipotoa filamu ya Citizen Kane, ambayo wengi waliona inamsema Hearst, magazeti ya tajiri huyo yalikatazwa hata kuitaja, na Parsons alishiriki katika vita dhidi yake. Leo filamu hiyo inahesabiwa miongoni mwa filamu bora zilizopata kutengenezwa, lakini msomaji wa magazeti hayo hakupewa nafasi ya kuamua mwenyewe.

Usidhani hayo yalikuwa ya zamani tu. Mwaka 2001 iligundulika kwamba sifa zilizochapishwa katika matangazo ya baadhi ya filamu za kampuni ya Sony, kwa jina la mhakiki David Manning, zilikuwa za uongo mtupu. Mhakiki huyo hakuwako duniani. Alibuniwa ofisini, akabandikwa kwenye gazeti moja dogo la jimbo la Connecticut ambalo lenyewe halikuwa na habari. Watazamaji walishitaki, na mwaka 2005 Sony ilikubali kulipa dola milioni 1.5, ambapo mtazamaji angeweza kurudishiwa dola 5 kwa tiketi yake. Na aliyefichua udanganyifu huo ni mwandishi wa habari, John Horn wa jarida la Newsweek.

Kisha kuna chama cha waandishi wa kigeni huko Hollywood, kilichoanzishwa mwaka 1943, ambacho kilitoa tuzo za Golden Globe. Mwezi Februari 2021 gazeti la Los Angeles Times lilieleza kwamba miongoni mwa wanachama wake 87 hapakuwa na Mweusi hata mmoja. Lilieleza pia kwamba mwaka 2019 wanachama zaidi ya 30 walisafirishwa hadi Ufaransa na kulazwa katika hoteli ya fahari, ili waone mchezo wa televisheni wa Emily in Paris ukitengenezwa. Baadaye mchezo huo ulipendekezwa kwa tuzo mbili. Shirika la televisheni la NBC likakataa kuzitangaza tuzo za mwaka 2022, na mwaka 2023 tuzo hizo ziliuzwa, chama chenyewe kikavunjwa.

Tena kuna ukimya, ambao madhara yake huzidi hata ya sifa za uongo. Wanawake wengi waliteswa na mtengenezaji filamu Harvey Weinstein kwa miaka mingi, na minong'ono ilikuwa imezagaa. Hata hivyo habari kamili haikuchapishwa hadi mwezi Oktoba 2017, katika gazeti la New York Times na jarida la The New Yorker, na walioiandika hawakuwa waandishi wa kurasa za burudani. Waliokula na kunywa katika karamu zake walikuwa na mengi ya kupoteza.

ALIYEMTUMIKIA MTAZAMAJI

Lakini si haki kuwatia wote katika kapu moja. Roger Ebert alianza kuwa mhakiki wa sinema wa gazeti la Chicago Sun-Times mwaka 1967. Mwaka 1975 alipata tuzo ya Pulitzer, akiwa mhakiki wa kwanza wa sinema kuipata. Mwaka huohuo alianza kipindi cha televisheni pamoja na Gene Siskel wa gazeti shindani la Chicago Tribune. Wawili hao walibishana mbele ya watazamaji kwa lugha nyepesi, bila kuwadharau wasiosoma sana.

Nguvu yao ilionekana mwaka 1994. Filamu ya Hoop Dreams ilifuata maisha halisi ya vijana wawili Weusi wa Chicago waliotarajia mpira wa kikapu uwatoe katika umaskini. Ilikuwa ndefu, karibu saa tatu, haina mwigizaji mashuhuri wala fedha za matangazo. Siskel na Ebert waliisifu katika kipindi chao hata kabla haijapata kampuni ya kuisambaza. Sauti zao ziliisaidia kuwafikia watu ambao vinginevyo wasingeisikia. Hiyo ndiyo kazi ya mhakiki: kumshika mtazamaji mkono na kumwonyesha kitu chema ambacho hakina mpiga debe.

NA HUKU KWETU

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Baada ya hapo zikaja filamu za kanda na sahani zilizotengenezwa Dar es Salaam, na waandishi wa burudani wakawa wengi. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, maelfu walijitokeza kumzika, na kurasa za magazeti zikajaa habari zake. Wakati mwingine wowote, ni kurasa ngapi zilizotuambia mwigizaji hulipwaje, mkataba wake unasemaje, au nani hufaidika na kazi yake?

Kwetu kishawishi hakivai suti ya Hollywood. Huja katika bahasha ndogo mwishoni mwa uzinduzi, nayo huitwa nauli. Mwandishi ambaye mshahara wake ni mdogo, au analipwa kwa kila habari, huiona kuwa msaada. Lakini anayekulipia nauli huwa amekwisha kukuonyesha njia. Wahariri wanaotaka ukweli hawana budi kuwalipa waandishi wao ipasavyo.

Kwa hiyo, kijana wako akishikilia nia yake, mwambie ajifunze. Asome sheria ya haki miliki ya mwaka 1999. Asome riwaya, maana filamu ya Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji, imetokana na riwaya ya Adam Shafi, na asiyeisoma atapungukiwa katika kuihakiki. Ahudhurie tamasha la filamu la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, atazame kazi za nchi nyingine. Ajifunze kuzungumza na fundi wa taa na mshonaji wa mavazi, siyo nyota peke yake.

Nawe msomaji, usomapo sifa za filamu, jiulize: Je, mwandishi ameeleza sababu zake? Ametaja lolote lililopungua? Ametuambia nani alimlipia safari? Ukikosa majibu, kiweke kiingilio chako mfukoni kwanza, umuulize jirani aliyekwisha kuitazama.