Kishikio cha wembe: Kifaa cha zamani kinachomlipa anayejifunza kukitumia

UKISHUKA kwenye basi pale Chalinze, mahali barabara inapogawanyika, moja kwenda Morogoro na nyingine kwenda Segera, Tanga na Arusha, hutembei hatua nyingi kabla ya kuuona wembe. Unauzwa kwenye kioski, mmoja mmoja, kando ya viberiti na vocha za simu. Fundi cherehani anautumia kufumulia mshono. Mkulima wa machungwa anautumia kubebesha miche yake. Saluni nazo zinautumia kunyoosha mstari wa ndevu baada ya mashine ya umeme kumaliza kazi.

Kisichoonekana kwa urahisi ni kishikio chake: kile kifaa cha chuma chenye mpini mfupi na kichwa kinachofunguliwa kwa kuzungusha, ambacho walimu, makarani na askari wengi wa zamani walinyolea ndevu zao nyumbani. Kijana wa leo amekua na wembe wa plastiki wa kutupa, au anakwenda saluni, au anashika wembe mtupu kwa vidole mbele ya kioo na kuomba Mungu.

Je, kishikio hicho kina faida yoyote kwa mfanyabiashara mdogo au mkulima wa leo? Jibu linaanzia kwenye hesabu.

Tuchukue mfano wa mtu anayenyoa ndevu mara 3 kwa wiki. Bei zinazotumika hapa ni za mfano tu, kila mmoja aweke za dukani kwake. Wembe wa plastiki tuseme ni Sh 1,000, na unamtosha kunyoa mara 3 kabla haujaanza kukwaruza. Kwa mwaka atanunua 52, yaani Sh 52,000. Sasa tuseme kishikio ni Sh 20,000, na pakiti ya nyembe 5 ni Sh 1,000. Wembe mmoja wa Sh 200 ukinyoa mara 4, gharama yake kwa wiki ni Sh 150. Kwa hiyo kila wiki anaokoa Sh 850, na kufikia wiki ya 24 kishikio kimejilipa chenyewe. Mwaka wa pili atatumia chini ya Sh 8,000 badala ya Sh 52,000.

Hesabu hiyo lakini haimfai kila mtu. Anayefuga ndevu na kupunguza pembeni tu mara moja kwa wiki anaokoa kama Sh 283 kwa wiki. Atasubiri wiki 71, ambazo ni zaidi ya mwaka mmoja na miezi 4, kurudisha fedha yake. Huyo akiendelea na kinyozi wake hajapoteza kitu kikubwa.

Ili kuelewa kwa nini tofauti ni kubwa kiasi hicho, ni lazima kurudi Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. King Camp Gillette alikuwa muuzaji anayezunguka na bidhaa, kazi ambayo machinga yeyote anaielewa. Mwaka 1895 alipata wazo la wembe mwembamba wa kutumia na kutupa, badala ya ule mkubwa wa kukunja uliohitaji kunolewa kila mara. Mafundi walimwambia chuma chembamba namna hiyo hakiwezi kushika makali. Ilimchukua miaka, na msaada wa mhandisi William Nickerson, hadi kampuni yake ikaanzishwa Boston mwaka 1901. Mwaka 1903, ambao ndio wa kwanza wa mauzo, iliuza vishikio 51 tu na nyembe 168. Mwaka uliofuata vishikio vilipita 90,000. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Marekani liliagiza vishikio milioni 3.5 kwa ajili ya askari wake, na askari hao waliporudi makwao walirudi na mazoea ya kunyoa wenyewe.

Wengi husimulia kwamba Gillette aligawa vishikio kwa bei ya kutupa ili atajirike kwa nyembe. Sivyo ilivyokuwa mwanzoni. Muda wote hataza yake ilipokuwa hai, kishikio kiliuzwa dola 5, fedha nyingi kwa mfanyakazi wa enzi hizo. Hataza ya mwaka 1904 iliisha mwaka 1921, na hapo ndipo wengine waliruhusiwa kutengeneza kifaa kama kile na bei zikashuka.

Jambo hilo la 1921 ndilo linalomhusu mnunuzi wa Chalinze. Umbo la wembe wenye makali pande mbili halina mwenyewe. Viwanda vya nchi nyingi vinautengeneza, na wembe wa kampuni yoyote unaingia kwenye kishikio cha kampuni yoyote. Duka likipandisha bei, mnunuzi anakwenda duka la pili. Kwenye vile vishikio vya kisasa vyenye kichwa cha kubadilisha mambo ni tofauti. Kampuni zilianza na nyembe 2 kwenye kichwa kimoja mwaka 1971, zikafika 3 mwaka 1998 na 5 mwaka 2006, na kila kichwa kinaingia kwenye mpini wake tu. Ukinunua mpini umejifunga kwa muuzaji mmoja. Mkulima wa mahindi anaifahamu hali hiyo kutoka kwenye mbegu chotara: mavuno ni mazuri, ila kila msimu lazima urudi dukani, na bei si wewe unayeipanga. Tofauti ni kwamba mbegu chotara inakurudishia gharama shambani. Kidevu hakina mavuno.

Basi kama kishikio ni nafuu, kwa nini kiliachwa? Kwa sababu kinadai ujuzi. Wembe wa plastiki umetengenezwa ili mtu asiyejua chochote asijikate. Kishikio cha zamani kina kinga, ni kweli, lakini kinamwachia mnyoaji kazi ya kupima pembe na uzito wa mkono. Hapo ndipo watu wanapojikata siku ya kwanza, wanakitupa uvunguni na kurudi kwenye plastiki.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Methali ni ya mambo mengine, lakini kwenye ndevu pia ni kanuni ya kazi. Unywele mkavu ni mgumu. Ukikaa kwenye maji ya uvuguvugu dakika 2 au 3 unalainika na wembe unapita bila kuvuta. Anayejifunza anyoe baada ya kuoga, si kabla. Kisha apake povu zito la sabuni kwa brashi, akizungusha ili nywele zisimame. Sabuni ya mche ya kufulia ni kali mno kwa uso. Ya kuogea inafaa kama ile ya kunyolea haipatikani.

Kabla ya kushika kifaa, apitishe vidole usoni ajue nywele zinaelekea wapi. Mashavuni mara nyingi zinaelekea chini, lakini shingoni zinaweza kulala upande au kupanda juu, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Wembe ufuate mwelekeo wa nywele. Kichwa cha kishikio kiguse shavu kwanza, kisha mpini ushushwe taratibu hadi makali yaanze kukata. Mara nyingi hiyo ni kama nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi. Kosa kubwa ni kukandamiza. Kishikio cha chuma kina uzito wake, na uzito huo unatosha. Kivutwe kidogo kidogo, kisuuzwe, kiendelee. Pakibaki nywele, povu lipakwe tena na kazi irudiwe, bila kukwangua ngozi kavu.

Wiki 3 au 4 za mwanzo ni za ada ya shule. Si busara kuanza kujifunza asubuhi ya harusi au ukiwa ndani ya lori linalotikisika. Wiki ya kwanza mashavu pekee yanatosha. Kidevu na shingo vifuate. Ukipatikana mchubuko, wakazi wa pwani wana dawa ya siku nyingi: shabu, yale mawe meupe yanayotumika kutuliza maji ya matope. Kipande kilicholoweshwa kikipitishwa usoni kinakausha damu ya mkwaruzo mdogo. Kinawasha, lakini kinawasha zaidi pale mkono ulipokandamiza, hivyo kinakuonyesha kosa lako lilipo.

Kuna suala la vipele, ambalo kwa watu wenye nywele za kujipinda ni kubwa kuliko la shilingi. Nywele za namna hiyo zikikatwa chini ya usawa wa ngozi, ncha yake kali inapoota inarudi kuchoma ngozi kutoka ndani, na uvimbe unatokea. Vichwa vyenye nyembe nyingi vinachangia tatizo hilo, kwani wembe wa mbele huvuta unywele na wa nyuma huukata, kisha kisiki kinazama. Wembe mmoja unaofuata mwelekeo wa nywele hukata karibu na usawa wa ngozi, kwa hiyo wengi hupata nafuu. Si tiba kwa wote. Mwenye vipele vibaya ni afadhali aache ndevu zikue, au atumie mashine ya umeme inayobakiza nywele fupi.

Upande wa saluni, hesabu inakutana na afya. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walithibitika mkoani Kagera mwaka 1983, na kampeni za miaka iliyofuata zilimfundisha kila mtu kwamba wembe hauchangiwi. Kinachosahaulika ni homa ya ini ya aina B, ambayo virusi vyake vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Vinyozi wanaotumia kisu cha kukunja chenye sehemu ya kuingiza wembe huukata katikati kabla ya kuufungua, nusu moja kwa mteja mmoja na nusu ya pili kwa mwingine. Kwa wembe wa Sh 200, usalama wa mteja unagharimu Sh 100. Kinyozi anayebana hapo anahatarisha biashara nzima kwa fedha isiyotosha kununua ndizi. Hata nyumbani, baba na mwana wasichangie wembe, na kishikio cha pamoja hakifai kama hakitakaswi kwa spiriti.

Kwa mwenye duka, kishikio ni bidhaa inayouzwa mara moja, lakini kila kimoja kinaleta mnunuzi wa nyembe wa miaka mingi. Achague mzigo kwa macho. Vishikio vyepesi mno vya madini laini hukatika kwenye uzi wa kufungia. Afunge wembe ndani na kutazama kutoka juu: makali yajitokeze sawasawa pande zote mbili. Yakizidi upande mmoja, mteja atakatwa na hatarudi.

Nyembe zilizokwisha nazo zina gharama yake, hasa katika eneo la wafugaji kama hili. Ng'ombe hachambui anachokula. Hufagia majani na kumeza, na kipande cha chuma kilichofichwa ndani kinatulia kwenye tumbo la pili, kutoka hapo kinaweza kutoboa kuelekea moyo. Wembe uliotupwa jalalani au kwenye samadi unaweza kufika huko, au kwenye unyayo wa mtoto. Kopo la maziwa lililofungwa, likatobolewa tundu jembamba juu ya kifuniko, linapokea nyembe za nyumba moja kwa miaka. Mkulima anayebebesha miche naye atumbukize zake humo, na ule wa mti usirudi tena usoni.