Kabla ya kushuka kwenye korongo la Hell's Gate, tazama mawingu

Ikiwa kazi yako ni ya kuketi ofisini tangu Jumatatu hadi Ijumaa, na jioni unaketi tena ndani ya matatu, basi miguu yako inakudai. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Kutembea haraka kunatosha. Siku moja katika mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, hulipa sehemu kubwa ya deni hilo.

Mbuga hii iliyotengwa mwaka wa 1984 iko kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Ni mojawapo ya chache nchini ambazo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. (Nyati nao wapo, hao usiwasogelee.) Barabara ni tambarare, na hata mtu aliyenenepa kidogo ataimudu bila haraka.

Mwishoni mwa barabara ndipo lilipo korongo la Ol Njorowa, na hapo mambo hubadilika. Anayepanda mlima huchoka akienda, kisha hurudi kwa mteremko. Korongoni ni kinyume: unashuka ukiwa na nguvu, na kupanda kunakungoja ukiwa umechoka. Kwa hivyo geuka kabla hujachoka, hasa iwapo una shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au magoti mabovu. Mwenye kisukari anayetumia dawa azungumze na daktari wake kwanza, na abebe kitu kitamu mfukoni. Vaa raba zenye soli isiyoteleza. Beba lita mbili za maji na kofia, kwani hapo ni zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na jua huchoma hata kukiwa na ubaridi. Usitumbukize mkono katika chemchemi za humo bila kuuliza. Maji ya baadhi yake huunguza.

Lakini hatari kubwa zaidi haiko miguuni. Korongo hili lilichongwa na maji. Zama za kale, ziwa Naivasha lilipokuwa kubwa kuliko sasa, maji yake yalitokea hapa kuelekea kusini. Mvua ikinyesha leo mbali, kwenye miinuko usiyoiona, maji bado hufuata njia hiyo hiyo, na kuta zenyewe ni nyembamba mno kwa mtu kukwepa. Mnamo Aprili 2012 vijana saba walisombwa na kufa humo. Septemba 2019 wengine saba wakafa vivyo hivyo, na korongo likafungwa.

Ndiyo maana ukifika langoni, swali lako la kwanza liwe kama korongo liko wazi siku hiyo. Usiingie bila mtu wa kukuongoza, wala usimbembeleze akupeleke mbele akisita. Ukiona mawingu mazito upande wowote, ukisikia ngurumo, au maji yaliyokuwa safi yakigeuka rangi ya udongo, panda juu mara moja. Usisubiri mwenzako amalize kupiga picha. Misimu ya mvua, yaani Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, baki juu; kutembea hadi mnara wa mwamba uitwao Fischer's Tower na kurudi ni zoezi tosha.

Kesho yake mapaja yatauma. Usilale kutwa, tembea polepole, na maumivu yataisha kwa siku mbili tatu. Lakini ukikojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi, au mguu mmoja ukivimba, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.