Kufuli Zito, Mwimo Mbovu

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi mjini Malindi au Kilifi, simama kando uwatazame wateja wanaonunua makufuli. Kila mmoja hulipima kwa kiganja. Likiwa zito, ameridhika. Analipa na kwenda zake. Mwizi hapimi hivyo. Yeye huutazama mlango mzima, toka kizingiti hadi paa, akitafuta kipande kilicho dhaifu kuliko vingine vyote, na kipande hicho ni nadra kuwa kufuli. Huwa ni skrubu mbili zilizoshika tumbuu, au bawaba iliyoachwa nje, au luva iliyo karibu na kishikio, au ufunguo wa tano ambao hakuna anayekumbuka alipewa nani.

Kwetu sisi tunaokagua milango ya nyumba za pwani, orodha ya udhaifu huo haibadiliki sana, iwe ni jumba la mgeni wa Kitaliano kule Casuarina au chumba cha kupanga Mtwapa. Hebu tuipitie.

Kinachoshika kitasa

Ukitaka kujua ubora wa mlango wa mbao, anza na mwimo. Ulimi wa kitasa unapotoka huingia katika kibati kidogo kilichopachikwa hapo, na kibati chenyewe mara nyingi kimeshikwa na skrubu mbili za nusu inchi zilizoishia kwenye mbao. Mtu akiupiga mlango bega, nguvu yote huishia kwenye skrubu hizo mbili. Ndiyo maana baada ya wizi utakikuta kitasa kizima, ulimi umetoka vilevile, na mwimo umepasuka. Dawa yake si ghali: kibati kirefu, skrubu za inchi 3 zinazopita mbao na kuuma ukuta, na mwimo ulioshikwa na vyuma vilivyojengewa ukutani angalau sehemu tatu kila upande. Sisitiza hilo la ukutani, kwani nyumba nyingi za huku zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, jiwe laini linalokatika kwa msumeno. Plagi ya plastiki iliyopigwa humo kijuujuu huchomoka upesi.

Kisha tazama ulimi wenyewe. Upo uliokatwa mshazari, unaojifunga mlango ukibamizwa, na upo wa mraba unaotoka pale tu ufunguo unapozungushwa. Ule wa mshazari una springi nyuma yake. Umetengenezwa usukumwe na mwimo, kwa hiyo kitu chembamba chochote kikipenya kwenye mwanya nacho kitausukuma. Huo ni wa kuzuia upepo wa kusi, si wa kuzuia mtu. Mlango wa nje unataka ulimi wa mraba, na ufungwe kila unapotoka, hata kama unakwenda dukani mara moja.

Kuna pia suala la leva, vile vibati vya ndani ambavyo ufunguo huviinua. Kitasa cha leva mbili au tatu kina michanganyiko michache tu ya funguo. Mwenye ploti anaponunua vitasa vya vyumba vyote kwa pamoja, usishangae ufunguo wa mpangaji mmoja ukifungua kwa jirani yake. Vitasa hivyo vinafaa chumba cha ndani au choo. Mlango wa nje udai leva tano, au kitasa cha silinda.

Bawaba nazo husahauliwa. Mlango unaofunguka kwa nje huziacha bawaba nje, na msumari wa bawaba ukichomolewa, mlango hutoka upande wa pili huku kufuli likiwa limefungwa barabara. Fundi wa mbao anaweza kupachika vijiti vya chuma upande wa bawaba, vinavyozama kwenye mwimo mlango unapofungwa. Baada ya hapo msumari ukitolewa haina maana. Kwenye geti la chuma, achomelee kichwa cha msumari.

Geti pia lina lile tundu la mkono, linalokatwa ili mtu aliye nje afikie kufuli lililo ndani. Tundu likiwa pana, halipitishi mkono peke yake. Hupitisha na chombo. Kisanduku cha chuma kilichochomelewa kuzunguka kufuli, kikaachwa wazi upande wa chini tu, humwacha mwenye ufunguo afanye kazi yake na kumnyima mwingine nafasi ya kukata.

Chumvi haina likizo

Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu hula chuma usiku na mchana. Kufuli lenye mwili wa shaba linaweza kung'aa miaka, huku springi za ndani na shingo yake ya chuma zikioza. Skrubu za tumbuu ndizo hufa kwanza: kwa nje utaona madoa ya kahawia yanayotiririka ukutani, kwa ndani imebaki nusu ya unene. Vyuma vya mwimo vilivyojengewa kwa mchanga wa ufukweni ambao haukuoshwa huoza ndani ya ukuta, na kutu, kwa kuwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huupasua ukuta uliokusudiwa kuvishika. Kwa nyumba iliyo karibu na maji, steli isiyoshika kutu ya daraja la 316, ambayo ina molibdenamu kidogo, huvumilia kuliko ile ya 304. Uliza kabla hujalipa, maana kwa macho zinafanana.

Usitie grisi kwenye kufuli. Mchanga unaopeperushwa hunata humo na kuwa tope. Mafuta mepesi ya cherehani, matone machache kila baada ya miezi mitatu, yanatosha.

Mbao nazo zina kalenda yake. Masika mlango huvimba, haufungi, na fundi huitwa na randa. Anapunguza, mwenye nyumba anafurahi. Ikifika Januari, kaskazi imekausha kila kitu, ubao unasinyaa na mwanya unafunguka. Ulimi uliokuwa ukizama sawasawa sasa unagusa ncha tu ya kibati. Kwa hiyo ukirandisha mlango wakati wa mvua, urudi kuupima wakati wa jua.

Hasara kubwa ya kutu lakini ni tabia inayotuzoesha. Kufuli likianza kukwama, watu huacha kulifunga. Huliacha likining'inia wazi kwenye pete mchana kutwa, ufunguo umo, ili lisije likawasumbua. Anayepita anaweza kulitoa na kutundika lingine la aina hiyo hiyo. Jioni mlinzi atalibana bila kuangalia, na usiku ufunguo unaofungua geti utakuwa mfukoni mwa mtu mwingine. Kufuli lisilotumika mchana lifungwe kwenye pete yake, na ufunguo uondoke.

Juu na pembeni

Nyumba zetu zimejengwa zipumue. Kati ya ukuta na paa la makuti huachwa nafasi ya upepo, na madirisha ni ya luva. Hayo ni maarifa mazuri ya joto, na ni njia pana kuliko mlango. Kiungo cha makuti kinainuliwa kwa mikono. Kioo cha luva huchomolewa kwenye klipu zake bila kelele. Mama mmoja wa Mnarani alitaka nimtilie kufuli la tatu kwenye mlango wa jikoni. Nikamwambia, "Mama, toka nje, kisha upitishe mkono kwenye luva hiyo." Akapitisha, akagusa komeo. Hakuhitaji kufuli la tatu. Alihitaji wavu wa chuma kwenye dirisha, na komeo lihamishiwe mbali na mkono.

Kwa paa la makuti, usijaribu kuigeuza nyumba nzima kuwa sanduku. Chagua chumba kimoja cha ndani, kitie dari ya zege au wavu wa chuma chini ya makuti, na mlango imara, kisha vya thamani vikae humo. Wazo hili ni la kale huku kwetu. Mji wa Gede, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, ulikuwa na ukuta wa nje na ukuta wa ndani. Na James Kirkman, aliyeanza kuuchimba mwaka 1948, alikuta nyumba zenye ghala la ndani kabisa lisilo na mlango wa kawaida. Aliyetaka kuingia alipanda ngazi na kupenya kwenye tundu lililo juu ukutani. Wenyeji wa Gede hawakuutegemea mlango mmoja. Walimlazimisha mgeni asiyetakiwa avuke hatua baada ya hatua, kila moja ikimchelewesha na kumfanya aonekane. Ulinzi wowote wa jengo, hata wa leo, ni kununua muda.

Kadi, namba na stima

Hoteli na nyumba za kukodisha kwa siku, kutoka Watamu hadi Kilifi, zimeanza kuhama kutoka ufunguo kwenda kadi na vibao vya namba. Udhaifu haukuondoka, umebadilisha nguo. Machi 2024 watafiti walitangaza kwamba makufuli ya kadi ya aina ya Saflok, yaliyo kwenye zaidi ya milango milioni 3 katika nchi 131, yangeweza kufunguliwa kwa kadi za kughushi zilizotokana na kadi moja tu ya hoteli husika, hata iliyokwisha muda wake. Kampuni inayoyatengeneza ilikuwa imearifiwa tangu Septemba 2022, na hadi siku ya tangazo asilimia 36 tu ya makufuli hayo ndiyo yaliyokuwa yamerekebishwa. Mwenye hoteli anayetumia kadi anapaswa kumuuliza aliyemuuzia: programu yake ilisasishwa lini, na kadi ni za kizazi gani?

Kibao cha namba kina shida nyepesi kueleweka. Namba ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000. Lakini namba hiyo isipobadilishwa mwaka mzima, vitufe vinne hufifia na sita hubaki vipya. Anayeviona vile vinne vilivyochakaa amebakiwa na mipangilio 24 tu ya kujaribu. Badilisha namba kila mgeni anapoondoka.

Na stima ikipotea? Kufuli la sumaku hushika pale tu umeme unapopita, ukikatika, huachia. Limefanywa hivyo makusudi, ili watu watoke wakati wa moto. Aina nyingine hubaki imefunga. Ni lazima ujue lako ni lipi, na betri yake ijaribiwe kwa kuzima swichi kuu mchana, si kusubiri giza.

Mlango wa kutokea

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea vibaya zaidi. Machi 1998, wasichana wasiopungua 25 wa Shule ya Upili ya Bombolulu, hapa Pwani, waliteketea bwenini; mlango ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Machi 2001, wavulana 67 walikufa kwa moto katika Shule ya Kyanguli, Machakos, na humo pia vyuma vya madirisha na mlango uliofungwa viliwazuia kutoka. Nyumba ya makuti upepo ukivuma haikupi muda wa kutafuta ufunguo kwenye droo. Kila grili ya chumba cha kulala iwe na kipande kinachofunguka kwa ndani. Ufunguo wa usiku utundikwe mahali pamoja, panapojulikana na watoto pia, mbali na dirisha lolote ambalo mkono unaweza kupita. Kisha familia ijaribu kutoka taa zikiwa zimezimwa.

Ufunguo uko kwa nani?

Nyumba nyingi za ufukweni wenyewe hawapo. Ufunguo unao mwangalizi, mpishi, anayesafisha bwawa, wakala wa kukodisha, fundi wa AC aliyekuja mwaka juzi, na wageni waliopita ambao wangeweza kuuchongesha mwingine sokoni. Getini, mgeni asiyefahamika huambiwa asubiri. Aliyevaa ovaroli na kubeba ngazi begani hufunguliwa kabla hajasema alikotoka. Sheria ya mwaka 2016 ya kudhibiti ulinzi wa kibinafsi inamruhusu mlinzi kumtaka mgeni ajitambulishe na kuandika saa ya kuingia na kutoka. Ampigie simu mwenyeji kwanza, kwa namba aliyo nayo yeye mlinzi, si ile anayotajiwa na mgeni. Na daftari la wageni lisiachwe wazi juu ya meza: namba za simu na za vitambulisho zilizomo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na anayelisoma anajua nani yuko na nani hayupo.

Mfanyakazi akiondoka au ufunguo ukipotea, badilisha silinda. Kitasa chote hakina haja ya kung'olewa. Funguo zitiwe namba, zisiandikwe jina la nyumba, na kila unapotolewa mmoja, anayetoa na anayepokea watie saini.

Wako waangalizi wanaoliona daftari hilo kama dalili ya kutoaminiwa. Hali ni kinyume. Nyumba ikivunjwa bila alama mlangoni, wa kwanza kupelekwa kituoni ni mwangalizi, na watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Kama funguo ni saba na hakuna kumbukumbu, hana la kujitetea nalo. Kama daftari linaonyesha kwamba ufunguo wa nne ulichukuliwa na mtu mwingine na haujarudi, analo. Kwa hiyo mwangalizi ndiye anayepaswa kulidai hilo daftari, hata mwajiri wake asipolitaka, na saini ya mwajiri iwe ya kwanza kwenye ukurasa.